Miji ya mawe ya Pwani: yasemwayo na yaliyokuwa

Wageni wakitoka kutazama magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa mawe wa Waswahili kaskazini ya Mombasa, huondoka na dhana zile zile tatu, na siku hizi hata watoto wetu wanazisema. Zinauma, kwa sababu ushahidi wa kuzipinga uko wazi.

Dhana: Mombasa ilianza na Wareno.
Fort Jesus, ngome ya Wareno, ilijengwa kati ya 1593 na 1596. Lakini Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alilala Mombasa mwaka 1331. Alikuta Waislamu wa madhehebu ya Shafii na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi mkubwa. Mlangoni mwa kila msikiti, aliandika, palikuwa na kisima kifupi. Mtu huteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba, akaosha miguu ndipo aingie. Aliyekulia Mji wa Kale ataitambua kata papo hapo.

Dhana: Watu wa ng'ambo ndio waliojenga miji hii.
Hili ndilo lililokita mizizi zaidi. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji walifukua chini ya msikiti wa mawe wakakuta misikiti midogo ya miti na udongo, ya tangu karne ya 8. Mawe yalikuja baadaye: matumbawe yaliyokatwa baharini na kuchongwa yangali mabichi na laini, chokaa ya kuchoma, boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba.

Watu wa ng'ambo walikuja, naam, wakaoa. Utafiti wa vinasaba uliotolewa 2023, ulioyahusisha pia makaburi ya Mtwapa, ulionyesha kuwa nasaba ya kikeni karibu yote ni ya Kiafrika, na ya kiumeni kwa wengi ni ya Asia, hasa Uajemi; damu zilianza kuchanganyika mnamo mwaka 1000. Wakati huo Shanga ilikuwa na zaidi ya karne mbili.

Dhana: Watu wake walitoweka.
Jumba la Mtwana lilihamwa karne ya 15, na Gede, mji mwingine wa mawe karibu na Malindi, karne ya 17. Kuhama si kufa. Hesabu Tisa Taifa, yale makundi tisa ya Waswahili wa Mombasa: utawakuta Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, na Washaka, ambao mji wao wa Shaka leo ni gofu. Wajukuu wao wanaishi Kibokoni na Kuze, mitaa ya Mji wa Kale.