"Nyama imechinjwa leo?" Swali linaloharibu dina zenu

Wiki hii pekee nimeulizwa mara tatu. Wa mwisho ni mteja wangu wa klaringi, wa kutoa mizigo bandarini, ana wageni wa kampuni ya meli wanakuja, anataka nimtafutie stekihausi upande wa Nyali, hapa Mombasa, watu saba, Alhamisi saa moja na nusu usiku. Nikamtajia sehemu moja ninayoiamini. Kabla hata hajauliza bei: "Lakini ndugu yangu, nyama yao ni ya leo? Mi sitaki nyama ya friji." Wallahi nilitoa simu sikioni nikaangalia ukuta kwanza.

Mi nimesimama mbele ya grili miaka kumi na moja kabla sijaingia hii kazi ya kupangia watu dina, na hilo swali nimelisikia mpaka nimelichoka. Tulimalize leo. Steki ya ng'ombe aliyechinjwa leo asubuhi ni steki mbovu. Sisemi itakuumiza tumbo, nasema utatafuna mpaka taya zikuume.

Iko hivi. Ng'ombe akishachinjwa misuli yake haitulii papo hapo. Inaendelea kula sukari iliyobaki ndani, inatengeneza asidi, pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imezidi) inashuka kutoka karibu 7 mpaka karibu 5.5, halafu nguvu ikiisha zile nyuzinyuzi zinashikana na kukaza, nyama inakakamaa. Kwa ng'ombe mkakamao unakuwa mkali zaidi zikishapita saa 12 mpaka 24 hivi tangu achinjwe. Sasa wewe umechinja alfajiri, jioni umeitia kwa grili, umeikuta pale pale ilipokaza! Lakini ikikalishwa kwenye baridi ya digrii 0 hadi 4, vimeng'enya vya nyama yenyewe vinaanza kuzikata zile nyuzi pole pole, na kazi kubwa inafanyika ndani ya wiki mbili za kwanza. Ladha nayo inakolea. Kwa hivyo ile "nyama ya friji" unayoikimbia ndiyo steki uliyokuwa unaitafuta.

Najua hii imani imetoka wapi na siidharau. Hili joto letu, friji hakuna, nyama ya jana ishaanza kunuka, lazima mama anunue ya asubuhi. Ilikuwa akili. Lakini ile nyama ilipikwa vipi? Mchuzi, pilau, biriani, ilikaa motoni saa na nusu ama mbili mpaka ikalegea yenyewe. Na ya mishkaki je, ambayo inapita kwa moto dakika chache tu? Kwani bibi alikuwa anapaka papai bichi kwa sababu gani, urembo? Papai lina kimeng'enya chake kinachokata nyuzi za nyama, ndio maana ukilizidisha mishkaki inakuwa kama uji. Bibi alijua nyama ya leo ni ngumu na akaitafutia dawa. Sisi wajukuu tumeshika "ya leo" tukasahau papai.

Mwaka juzi nilikubali kushindwa na mteja, akachagua mwenyewe mahali, sitapataja, kwa sababu mwenye mkahawa alimuapia nyama inaingia kila asubuhi. Nilikuwepo. Mgeni wake, mzee mmoja mpole sana, alianza kukata steki yake ya sirloini mpaka meza ikawa inacheza na maji yanatingika kwenye glasi, kisu kikateleza, sosi ikaruka kwa shati jeupe. Akatafuna kipande kimoja muda mrefuuu, huku mwenyeji anamweleza mambo ya kontena, halafu nikamwona anakitema taratibu ndani ya tishu na kukisukuma chini ya ukingo wa sahani. Baada ya hapo alikula viazi. Mwenyeji hakuona kitu, alirudi nyumbani akisema dina ilikwenda vizuri.

Tuelewane lakini, kukalisha nyama si kuining'iniza kwenye kioo cha bucha siku tatu na feni inazunguka. Kwa digrii 30 hiyo inaoza, haiivi. Na wala si kuichukua ikiwa bado na joto la ng'ombe ukaitupa moja kwa moja kwa friza, hiyo inajikunja kwa baridi kabla haijamaliza kukakamaa na inakuwa ngumu zaidi, na hapo haiokoleki kwa urahisi. Kuna nyingine inafungwa kwenye plastiki iliyotolewa hewa yote. Ukiona imekuwa zambarau iliyokoza usikimbilie kusema imeharibika, imekosa oksijeni tu, ifungue uiache nusu saa inarudi nyekundu. Hata kile kiharufu cha mwanzo kinaondoka. Kisipoondoka, hapo sawa, rudisha.

Basi ukipiga simu kuulizia mahali, uliza hivi: nyama mnaikalisha siku ngapi? Anayejua kazi atakujibu bila kufikiri, atakwambia ribai, ile steki ya mbavuni, wiki mbili, fileti tunaitoa mapema kwa sababu hiyo ni laini toka mwanzo. Anayekwambia "yetu freshi bosi, ya leo leo", mwambie asante, kata simu. Na ukisikia "subiri nimuulize manija" na manija naye haji, ndio hivyo hivyo. Tena kumbuka kwa bucha zetu "steki" ni nyama yoyote isiyo na mfupa, kwa hivyo kuna mikahawa inakuandikia steki kwa menyu kumbe ni kipande cha paja kilichopigwa nyundo. Uliza ni sehemu gani ya ng'ombe. Si aibu.

Ya pili kwa kunipandisha presha ni damu. "Hii ina damu, rudisha ikaive." Jamani, damu ilitoka siku ya kuchinjwa. Yale maji mekundu ni maji ya nyama yamebeba mayoglobini, protini inayoshika oksijeni ndani ya msuli na kuupa rangi. Kwa wenzangu Waislamu wanaoingiwa na wasiwasi, Suratul An'am aya ya 145 inataja damu inayomwagika, na wanazuoni wameshalieleza suala la wekundu unaobaki kwenye nyama, muulize sheikh wako usimuulize weita. Kiafya, kipande kizima bakteria wake wako juu, moto unawamaliza, tofauti na baga ambayo imesagwa na juu pamekwenda ndani, hiyo iive mpaka katikati, digrii 71. Huku kwetu kuna suala la tegu pia, kwa hivyo kula mahali nyama ina muhuri wa ukaguzi na uagize midiamu, katikati digrii 60 na kidogo, tegu hapo hana maisha. Mi reya, ile inayobaki mbichi katikati, simshauri mtu. Lakini weldani ya ribai, yaani iliyoiva kabisa... ni pesa zako. Usimlazimishe tu mgeni wako, kila mtu aulizwe yake.

Fileti nayo. Watu wanaagiza fileti kwa wote ili waonekane wamejikaza. Ni laini kwa sababu ule msuli haufanyi kazi sana, na mafuta hauna, ndio maana inahitaji sosi kuizungumzia. Mpe mzee mwenye meno ya shida. Mwenye meno yake mpe ribai ama sirloini.

Halafu hii ya kwamba moto mkali "unafunga maji ndani". Haufungi. Ile chwaaa unayoisikia ni maji yanatoka! Moto mkali ni wa rangi na ladha ya juu. Kinachobakisha maji ni kutoizidishia moto na kuiacha ipumzike dakika tano kabla ya kukatwa. Ndio maana sipendi ile sahani ya chuma inayokuja inafoka moshi ukumbi mzima unageuka: umeagiza midiamu, sahani inaendelea kupika mezani kwako, ukimaliza salamu ishakuwa weldani. Sherehe ya moshi tu.

"Dina ya maana lazima iwe ufuoni." Mi naipenda bahari kama nyinyi, nimezaliwa nayo, lakini msimu wa kusi upepo unapiga ile meza ya nje na mafuta ya nyama yanaganda kwenye sahani kabla hujamaliza kutambulisha watu. Kwa mazungumzo ya kazi tafuta ukumbi wa ndani kule Nyali ama Bamburi, parking ya kutosha, na uliza kama kuna bendi ama skrini ya mpira usiku huo, Jumanne na Jumatano za Champions League hamtasikizana. Angalia pia mgeni analala wapi. Akilala kisiwani, jioni utamwingiza kwenye foleni ya daraja la Nyali pamoja na kila mtu anayerudi Kisauni, basi panga saa mbili badala ya saa kumi na mbili na nusu. Akilala Diani, tafadhali, usimvushe feri ya Likoni usiku kwa sababu ya steki, mfuateni huko huko.

Kuna na hii ya kudhani stekihausi inamfaa kila mgeni. Huu mji una Wahindu wengi kwenye biashara na wengi wao ng'ombe hawamgusi kabisa, na wapo wasiogusa nyama yoyote, sasa wewe umemwalika mtu usiku kucha aangalie mnakata. Nilishapigiwa simu saa kumi na moja jioni, dina saa moja, "nimekumbuka bwana fulani ni Jain", dini ambayo nyama hawali. Uliza siku ya kualika. Na usidhani Mombasa kila jiko ni halali, stekihausi nyingi zina mbavu za nguruwe kwa menyu. Uliza kama nyama ya halali ina grili yake peke yake, si cheti cha ukutani tu.

Bili je? Mnapenda kuingoja mwishoni halafu mnaanza kugombania mbele ya wageni. Nenda mapema, ongea na manija, hakikisha bei ina VAT ya asilimia 16 na ile tozo ya utalii ya asilimia 2 ndani yake, kisha acha kadi kaunta. Na wa M-Pesa mjue muamala mmoja mwisho wake ni 250,000, meza ya watu ishirini na wanywaji wa divai inaweza kuvuka hapo, nimemwona mtu akihesabu awamu mbili na mgeni amesimama mlangoni na koti mkononi.

Yule wa klaringi nimeshamshikia meza. Ribai ya siku 14, ukumbi wa ndani, mmoja wao hali ng'ombe kwa hivyo nimemwagizia samaki changu. Jana usiku akanitumia meseji: "Sawa, lakini wakituuliza tuseme ni ya leo."