Kumtoa mtoto mtu mzima nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli kisheria Kenya

Wazazi wanaobeba mzigo wa mtoto mtu mzima anayewatesa nyumbani wengi hunyamaza. Mama anatembea na funguo za vyumba vyote shingoni, mtungi wa gesi ameuficha kwa jirani, na akijuliwa hali asubuhi anajibu ni njema. Kinachomnyamazisha si aibu peke yake. Ni pia maneno ya mtaani ambayo sheria ya Kenya haiyatambui.

"Mtoto wa kiume hafukuzwi, boma ni lake."

Hili ndilo limewafunga wazazi kuliko yote. Ukweli ni kwamba mtu aliye hai harithiwi. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa wake na wana hawawezi kumlazimisha baba aliye hai kuwagawia mali yake. Nyumba ikiwa yako, mwanao wa miaka 30 anaishi humo kwa ruhusa yako, na ruhusa huondolewa. Binti vilevile.

Ila ardhi ya ukoo ina mambo yake. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba jina lako linaweza kuwa kwenye hati miliki huku ardhi yenyewe umeishika kwa amana ya ukoo, yaani unaitunza kwa niaba ya ukoo. Ploti uliyonunua kwa jasho lako Kitengela na ekari alizoacha babu yako hazipimwi kwa mizani moja. Kabla ya kumwambia mtu "toka kwangu", kumbuka shamba hilo lilifikaje mikononi mwako. Hata hivyo, amana ya ukoo haimpi yeyote ruhusa ya kumpiga mamake.

"Ametimiza miaka 18, naweza kumtoa usiku huu."

Ni kweli kwamba huyo si mtoto tena kisheria. Lakini kutupa godoro lake nje, kung'oa mabati ya kijumba chake au kuita vijana wa kijiji wamtimue kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka anayekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi bila idhini apewe notisi ya maandishi ya miezi 3 au zaidi. Nakala humfikia naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa eneo hilo. Aliyepewa notisi anaweza kwenda mahakamani kuipinga. Asipoenda, na bado akakataa kutoka, ni wewe utakayeomba amri ya mahakama.

Chifu anaweza kuwaita mkae chini mzungumze, na mara nyingi hilo husaidia. Kumhamisha mtu kwa neno lake hawezi.

"Basi akinipiga nivumilie hiyo miezi 3."

Hapana! Wazee wanaumia bure kwa kutojua hili. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Unyanyasaji wa Majumbani ya mwaka 2015 haikutungwa kwa ajili ya mume na mke tu. Mzazi anayepigwa, anayetishwa au anayevunjiwa vitu na mwanawe anaweza kumwomba hakimu amri ya ulinzi. Hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla hata anayelalamikiwa hajasikizwa, na amri hiyo inaweza kumzuia asikanyage nyumbani, hata kama nyumba ni yake. Akiivunja, ametenda kosa la jinai. Piga ripoti polisi kila tukio linapotokea, uandike namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) mahali salama. Umeumizwa? Nenda hospitali siku hiyohiyo, karatasi za matibabu ni ushahidi. Kwa waliofikisha miaka 60, Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa.

"Nikimtoa nimemkata urithi."

Kutoka nyumbani na kurithi ni mambo mawili. Ukifariki, Sheria ya Urithi bado inamhesabu kuwa mtegemezi wako, hata kama ulikuwa umeacha kumlisha.

"Anavuta bangi na kuongea peke yake, dawa ni kumfukuza."

Hapa naomba mzazi asiwe na haraka. Mgonjwa akitimuliwa hulala barabarani, na ugonjwa huzidi. Sheria ya Afya ya Akili inamruhusu jamaa kuomba mgonjwa alazwe hata akiwa hataki, daktari akiona anahitaji matibabu. Kuhusu pombe na dawa za kulevya, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa hizo, wana namba ya bure, 1192, na mzazi mwenyewe anaweza kuipiga.