Blogu fupi: maana yake na namna ilivyozaliwa

Mtu wa Goma, mashariki mwa Kongo, akisema «nimeona ku mitandao», huenda amesoma ujumbe katika kundi la WhatsApp la familia yake, huenda ametazama picha kwenye Facebook, au huenda amesoma andiko la mistari miwili la mwandishi wa habari asiyemfahamu hata kidogo. Neno ni moja, lakini vitu hivyo havina mwenendo mmoja, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika mji ambao habari ya vita au ya volkano mara nyingi huingia kwanza kwa simu.

Andiko lile la mistari miwili ni la blogu fupi. Blogu fupi ni ukurasa wa mtu au wa taasisi, ambamo huwekwa maneno machache machache, kila andiko likiwa na jina la mwandishi, tarehe na saa, na ambao yeyote anaweza kuusoma na kuufuata bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Mtandao wa kijamii ni dhana pana zaidi: ni mahali popote katika intaneti ambapo watu hujiandikisha, huunganishwa wao kwa wao na kuoneshana maandishi. Kwa hiyo blogu fupi huishi ndani ya mtandao wa kijamii, lakini si kila mtandao wa kijamii ni blogu fupi.

Jina lake limetokana na blogu ya kawaida, ambayo ilienea baada ya mwaka 1999, pale huduma kama Blogger zilipomwezesha mtu asiyejua programu kuchapisha makala yake mwenyewe. Makala hizo zilihitaji kompyuta, meza na muda wa kutosha. Ufupi haukutoka huko. Ulitoka kwenye simu, na hapo ndipo historia yake inapotuhusu sisi tuliojifunza kuandika kwa kuhesabu herufi ili unite za simu zisiishe.

Katikati ya miaka ya 1980, wahandisi wa Ulaya waliokuwa wakiandaa mfumo wa simu wa GSM walitaka kupitisha maandishi katika njia nyembamba iliyokuwa imetengwa kwa ishara za mtandao wenyewe. Mjerumani Friedhelm Hillebrand alipiga chapa sentensi za kila aina, akazihesabu, akaona kwamba karibu zote zinatosha ndani ya herufi 160, na idadi hiyo ikawa kanuni. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 na Neil Papworth, ikiwa ni salamu ya Krismasi. Miaka kumi na minne baadaye, huko San Francisco, kampuni ndogo iliyoitwa Odeo ilikuwa ikitafuta kazi mpya, kwa sababu Apple ilikuwa imeingia katika biashara yake ya vipindi vya sauti. Mmoja wa wafanyakazi wake, Jack Dorsey, ambaye tangu ujana alivutiwa na namna vituo vya teksi na vya magari ya dharura vinavyofuatilia nani yuko wapi, alipendekeza huduma ya kumwezesha mtu kutuma meseji moja ikawafikia wengi. Andiko la kwanza la huduma hiyo, Twitter (leo inaitwa X), aliliweka tarehe 21 Machi 2006, na mwezi wa Julai huduma ikafunguliwa kwa wote. Baadaye kidogo kikawekwa kikomo cha herufi 140, ili zile 20 zilizobaki katika meseji zibebe jina la mwandishi.

Kikomo hicho hakikuwabana watu wa lugha zote sawasawa. Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja: «Hawakutuambia kitu» huchukua nafasi 18, hali Kifaransa chake, «Ils ne nous ont rien dit», huchukua 24. Kichina kilinufaika zaidi, kwa kuwa alama moja inaweza kuwa neno zima, na Weibo, huduma ya blogu fupi ya Wachina, ilipoanza nchini China mwezi wa Agosti 2009, alama 140 zilitosha kwa aya kamili.

Hata hivyo, naona wanaoieleza dhana hii kwa ufupi peke yake wanaacha kiini chake. Mwezi wa Novemba 2017 Twitter iliongeza kikomo hadi herufi 280, na blogu fupi haikugeuka kitu kingine. Kiini kiko katika kufuata. Facebook, iliyoanza mwaka 2004 kati ya wanafunzi wa Harvard, ilijengwa juu ya urafiki wa pande mbili: mmoja anaomba, mwingine anakubali. Katika blogu fupi mimi naweza kumfuata waziri, naye asijue kwamba nipo. Kwetu mfano wa karibu ni komunike ya redio, ile ya msiba au ya mkutano: ni fupi, ina jina la anayeitoa, na humfikia hata asiyehusika. Tofauti ni kwamba komunike hupita mikononi mwa mtangazaji anayeweza kuikataa, hali blogu fupi haina mlango wa namna hiyo kabla ya kuchapishwa, na hilo ndilo lililoipa nguvu yake na hatari yake kwa pamoja.

Mengi tunayoyaona leo kama sehemu ya mfumo yalibuniwa na watumiaji wenyewe. Walianza kuandika @ mbele ya jina ili kumjibu mtu, na «RT» ili kurudia maneno ya mwingine wakitaja mwenyewe. Kitufe cha kurudia kilikuja mwaka 2009 tu. Alama ya reli (#), inayowekwa mbele ya neno ili kukusanya maandiko ya jambo moja, ilipendekezwa na Chris Messina tarehe 23 Agosti 2007, na kampuni haikuichukua kwa moyo mwanzoni. Miezi miwili baadaye, misitu ilipowaka karibu na San Diego huko California, watu waliitumia kukusanya habari za moto mahali pamoja. Kwetu Kongo alama hiyo ilijulikana sana Januari 2015, wakati wa maandamano ya kupinga sheria ya uchaguzi, kwa neno la Kilingala #Telema, yaani simama. Serikali ilikata intaneti siku hizo hizo.

Rudi sasa kwenye lile kundi la WhatsApp. Ujumbe wake ni mfupi pia, lakini umefungwa ndani ya kundi, na ukitumwa mbele hupoteza jina la aliyeuandika na saa aliyouandika. Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo karibu na Goma ilipolipuka, familia zilizokuwa zikitoka kwa miguu kuelekea Sake au mpaka wa Rwanda zilihitaji kujua lava imefika wapi. «Imefika karibu na kiwanja cha ndege» ni maneno yanayobadilika maana kabisa kati ya saa tatu usiku na alfajiri, na katika blogu fupi saa imeandikwa pale pale juu ya maneno.