Je, wajua kwa nini jeraha la vitani lililopona huendelea kuuma miaka mingi baadaye?

Mfupa uliovunjika huunga kwa wiki kadhaa, au miezi michache ukiwa mkubwa. Ngozi hujifunga mapema zaidi. Basi kwa nini askari aliyeumia goti Somalia mwaka 2012, akapasuliwa, akapona, akastaafu na kurudi kwao Likoni, leo huteremka kwenda kupanda feri akishikilia chuma cha pembeni hatua kwa hatua? Eksirei yaonyesha mfupa umeunga sawasawa. Daktari amemwambia haoni kitu. Yeye usiku halali.

Mombasa ni mji wa wanajeshi, ingawa wageni huujua kwa bahari na Fort Jesus. Makao makuu ya Jeshi la Wanamaji yako Mtongwe, kuna kambi ya Nyali, na wapo waliotumikia huko wakastaafu wakabaki hapa hapa. Wa umri mkubwa walipigana vita vya Shifta, kaskazini mashariki ya Kenya, miaka ya 1960. Wa umri mdogo walivuka mpaka kuingia Somalia kuanzia Oktoba 2011, na wanamaji walikuwamo katika kuiteka bandari ya Kismayu mwishoni mwa Septemba 2012. Anayeishi na mmoja wao nyumba moja humsikia akiugulia alfajiri anapojaribu kuinuka, na pengine hudhani mzee anatia chumvi. Hatii chumvi. Maumivu yake ni ya kweli, na sababu yake yaelezeka.

Tumezoea kuamini kwamba maumivu hulingana na jeraha: jeraha kubwa maumivu makubwa, jeraha likipona maumivu yakome. Askari wenyewe ndio waliowaonyesha madaktari kuwa sivyo. Katika Vita vya Pili vya Dunia daktari Mmarekani Henry Beecher alitibu majeruhi Italia. Aliwauliza waliokuja na majeraha mabaya, ya tumbo, ya kifua, ya mifupa iliyopondeka, iwapo walitaka dawa ya kutuliza maumivu. Takriban robo tatu walisema hapana. Hawakuwa wamezimia wala kuchanganyikiwa. Walijua wametoka vitani wakiwa hai, na hilo pekee lilibadilisha kile walichokisikia mwilini. Beecher alichapisha matokeo hayo mwaka 1946.

Kinyume chake kilikuwa kimeonekana tangu karne iliyotangulia. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyokwisha 1865, daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia aliandika habari za askari waliokatwa mguu au mkono na bado wakausikia ukiuma, vidole vimekunjwa na kubanwa mahali ambapo hapana kidole. Upande mmoja jeraha bila maumivu, upande wa pili maumivu bila hata kiungo chenyewe.

Jibu ni kwamba neva za mguuni hazibebi maumivu. Hubeba habari tu: kuna joto, kuna mgandamizo, kuna kitu kimechanika. Habari hizo hufika kwenye uti wa mgongo, yaani ule mkungu wa neva ulio ndani ya mifupa ya mgongo, hupimwa, huongezwa au hupunguzwa, kisha hupanda kwenye ubongo, na ubongo ndio huamua kama hili ni jambo la kuuma na liume kiasi gani. Huangalia habari ya goti, na huangalia pia hofu, uchovu, kumbukumbu na mahali ulipo.

Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwamba uti wa mgongo wenyewe hubadilika baada ya kuumia. Seli zake zikipokea habari za hatari kwa muda mrefu hunoleka, zikawa zinashtuka kwa mguso mdogo ambao zamani zisingeujali. Soja wa geti ambaye nyumba yake imevunjwa na majambazi mara moja, baada ya hapo hupuliza filimbi hata paka akipita ukutani. Filimbi ni ya kweli na soja hadanganyi, ila jambazi hayupo. Ndivyo lilivyo goti la miaka kumi. Wataalamu huyaita maumivu sugu yakidumu au kurudi kwa zaidi ya miezi 3, na katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, yamepewa nafasi yake kama ugonjwa unaojitegemea.

Haina maana kwamba kila kitu kiko kwenye neva. Gegedu la goti lililochanika kweli huchakaa mapema, na mgongo uliobeba bunduki, risasi, maji na begi kwa miaka hupata uchakavu wake. Mara nyingi vyote viwili hukaa pamoja, uchakavu kiasi na unoleko juu yake. Ndiyo maana watu wawili wenye picha zinazofanana, mmoja hucheza mpira na wajukuu na mwingine hawezi kukaa kwenye matatu kutoka Mtwapa hadi mjini.

Kwa mwanajeshi lipo jambo jingine, na naliona ndilo zito kuliko yote. Tangu akiwa kuruta amefundishwa kujikaza. Vitani mafunzo hayo humwokoa. Nyumbani humwangamiza polepole, kwa njia hii: Jumamosi goti limetulia, basi hupanga kumaliza kazi zote siku hiyo. Hupanda juu ya bati, hubeba mitungi ya maji, huosha gari. Jumapili hanyanyuki, na hulala siku tatu. Misuli hudhoofika katika siku hizo tatu, neva hupokea ushahidi mpya kwamba kazi ni hatari, na siku nzuri inayofuata kiasi anachoweza kufanya bila kuumia kimeshuka. Miaka mitano ya mtindo huo humtoa mtu mwenye goti bovu akawa mtu asiyetoka nyumbani.

Dawa yake ni kupima, na mwanajeshi akishaelezwa hulielewa haraka kwa sababu ni nidhamu. Tafuta kiasi unachoweza kutembea hata siku mbaya bila kuadhibiwa kesho yake. Iwe ni dakika 8, basi anza na 6 au 7. Tembea hizo kila siku, siku mbaya na siku nzuri sawasawa. Siku nzuri usiongeze, na hapo ndipo penye ugumu. Kila wiki ongeza kidogo tu, dakika moja hivi. Mfumo wa neva hujifunza usalama kwa kurudia, kama ulivyojifunza hatari kwa kurudia. Mtaalamu wa tibamaungo (fiziotherapia), kwa mfano katika hospitali kuu ya Pwani ambayo wenyeji huiita Makadara, atakupimia vizuri zaidi na kukupa mazoezi ya kuimarisha paja linalolishikilia goti.

Na hapa Mombasa tuna neema ambayo mgonjwa wa Nairobi angeilipia: bahari. Ukisimama ndani ya maji yaliyofika kiunoni, miguu hubeba karibu nusu tu ya uzito wako. Yakifika kifuani, hubeba kama theluthi. Goti lisiloweza kutembea lami dakika kumi huweza kutembea ndani ya maji ya ufuo wa Pirates dakika ishirini, asubuhi maji yakiwa yametulia na mchanga ukiwa sawa. Nenda na mwenzio, na usiende wakati wa mawimbi.

Hapa baridi ya kusi huleta swali lake. Wazee husema kuanzia Juni mifupa yajua upepo umegeuka. Watafiti wa Manchester, Uingereza, walifuatilia watu zaidi ya 2,600 wenye maumivu sugu kwa simu zao na kuchapisha matokeo 2019: siku zenye unyevu mwingi hewani, upepo na mgandamizo mdogo wa hewa ziliambatana na maumivu zaidi. Ongezeko lilikuwa dogo, lakini lilikuwapo. Kwa hiyo mzee habuni. Ajifunike, akande goti kwa maji ya moto, na asiache mazoezi.

Kuchua nako kuna msingi. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba habari za mguso, zinazopita kwenye neva nene, zikifika kwenye uti wa mgongo huzipunguzia nguvu habari za maumivu zinazopita kwenye neva nyembamba. Mama anapomchua mume wake mgongo kwa mafuta ya nazi usiku, anafanya kazi halisi ndani ya uti wa mgongo. Nafuu yake huwa ya muda, na muda huo ndio mzuri wa kufanya mazoezi au kulala.

Sasa kemisti. Diklofenaki hununuliwa madukani kwetu kama peremende, na wapo waliozimeza kila siku kwa miaka. Naomba hili lisomwe taratibu. Diklofenaki, aibuprofeni na ndugu zao ni dawa za siku chache. Zikitumiwa kila siku huweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuharibu figo, na figo hazilii mpaka zimekwisha kuharibika. Mwenye presha, kisukari au umri mkubwa yuko hatarini zaidi. Kuzimeza na tumbo tupu, kama wafanyavyo baadhi ya watu mara tu baada ya adhana ya magharibi mwezi wa Ramadhani kabla ya futari yenyewe, huongeza udhia wa tumbo. Parasetamoli ni laini kwa tumbo, lakini isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, humtia mtu utumwani: mwili huizoea, hutaka zaidi, na kuiacha ghafla ni mateso.

Wengi hushangaa daktari akiwaandikia amitriptilini kidogo usiku, dawa waliyosikia ni ya huzuni, au gabapentini ya kifafa. Hajawaona wendawazimu. Dawa hizo hutuliza neva zilizonoleka, hasa maumivu ya kuchoma, ya umeme au yenye ganzi, ambayo diklofenaki haiyagusi.

Usingizi mbovu huzidisha maumivu ya kesho yake, na maumivu huharibu usingizi wa usiku unaofuata. Anayeamka akitokwa jasho kwa ndoto za vitani ana matatizo mawili yanayolishana, na kutibu moja bila jingine ni kupoteza wakati. Muguka wa jioni, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha, humkesha mtu bure. Kumwona mshauri nasaha au daktari wa akili hapo ni sehemu ya kutibu goti.

Waliokatwa kiungo wana njia yao. Kioo kirefu husimamishwa katikati ya miguu, mtu akatazama mguu mzima ndani yake kana kwamba ndio uliokatwa, akausogeza taratibu dakika 15 kwa siku. Ubongo huuona mguu uliopotea ukikunjuka. Mwaka 2007 madaktari walichapisha jaribio dogo walilofanya katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, Marekani: baada ya wiki 4, wote wa kundi la kioo walikuwa wamepata nafuu. Kioo cha kabati chatosha kuanzia, akiwapo mtaalamu wa kuelekeza.

Yapo maumivu yasiyongoja. Mgongo ukiuma pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au choo, au ganzi sehemu za kukalia, ni hospitali saa hiyo hiyo. Homa na uvimbe mahali palipowekwa chuma cha upasuaji, vivyo hivyo.

Mwenye vipande vya bomu mwilini aseme kabla hajaingizwa kwenye mashine ya MRI, kwa kuwa sumaku yake huweza kuvisogeza. Risasi iliyobaki ndani ya kiungo kama goti au nyonga ina hatari ya pili: majimaji ya kiungo huyeyusha madini yake pole pole yakaingia kwenye damu, na uchovu, tumbo kusokota na upungufu wa damu vinavyofuata huweza kutibiwa miaka kama magonjwa mengine. Kipimo cha damu cha madini ya risasi (lead) hulijibu swali hilo. Andika kwenye karatasi kipande kiko wapi na uliumia mwaka gani, uikunje, uiweke pamoja na kitambulisho.