Mbalamwezi haikai juu ya karabai

Mwaka wangu wa kwanza wa kuchorea jarida moja la Dar es Salaam, nilichora katuni ya wavuvi wa Kibirizi, Kigoma: mitumbwi miwili, karabai zinawaka, na juu yake mwezi mpevu. Ilipochapwa nikampelekea nakala mzee mmoja pale mwaloni, mitumbwi inapofikia. Akaitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, hawa wanavua nini na mbalamwezi yote hii?"

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa gizani. Taa ndiyo huwavuta waje juu, kisha wavu huinuliwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina nuru, taa haivuti kitu, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, nalijua hilo tangu utotoni. Lakini mkono ulichora ulichozoea kuona kwenye picha za watu wengine. Iliniuma sana, kwa sababu msomaji wa Kigoma akishaona kosa kama lile, kichekesho chenyewe hakimfikii tena.

Kuchora nilijifunza kwa kunakili kurasa za jarida la katuni la Sani, na wahusika wake kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, hadi daftari za shule zikaisha. Kunakili kunafundisha mkono. Jicho hufundishwa mwaloni, sokoni Mwanga, stesheni.

Kazi yenyewe huanza kwa penseli nyepesi, halafu wino mweusi kwa kalamu ya nibu, brashi kwa sehemu nzito. Nachora kubwa kuliko itakavyochapwa: sentimita 30 kwa nafasi ya sentimita 20. Ikipunguzwa, mtetemo wa mkono hauonekani, ila mistari nayo husogeleana. Karatasi ya jarida hunywa wino, ukitambaa kidogo tu, wavu uliochorwa tundu kwa tundu unageuka doa jeusi. Kwa hiyo wavu nauchora matundu machache pembeni, katikati naacha peupe. Jicho la msomaji humalizia lenyewe. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwenye sura za watu.

Katuni ya mwezi huu ina mbalamwezi. Mitumbwi imepandishwa mchangani, taa zimezimwa, mvuvi anashona wavu huku mwenye duka akimsomea madeni yake. Vidole vya mvuvi bado sijavitia wino. Kesho asubuhi naenda mwalo wa Katonga nikaone sindano ya nyavu inavyoshikwa.