Mtikisiko wa ubongo: kofia ya ngumi hukinga nini?

Chukua nazi iliyokomaa, ikiwa bado imo ndani ya makumbi, uitikise karibu na sikio. Utasikia maji yanacheza. Makumbi yale ni mazito kiasi kwamba nazi huanguka kutoka juu ya mnazi isipasuke, lakini maji ya ndani hayazuiliki. Huku Tanga sina mfano bora kuliko huo pale mzazi anaponiuliza kama kofia anayovaa mwanawe ulingoni inatosha.

Fuvu ndilo kifuu. Ubongo umo ndani, laini, umezungukwa na majimaji. Kichwa kikisimama ghafla au kikageuka kwa nguvu, ubongo huchelewa kukifuata. Nyuzi zake za neva huvutika na kujipinda, na utendaji wake ukavurugika kwa muda. Kuvurugika huko ndiko mtikisiko wa ubongo. Si lazima pawe na damu wala uvimbe, na wengi wanaopatwa nao hawazimii kabisa. Hata picha ya kichwa mara nyingi hutoka safi, kwa kuwa picha huonyesha mfupa uliovunjika na damu iliyovuja, haionyeshi seli zilizochoka. Tena si lazima kichwa chenyewe kiguswe: winga akikumbwa kifuani shingo ikarushwa nyuma, yatosha.

Kofia basi ina kazi gani? Hukinga nyusi na masikio yasichanike, na kupunguza ukali wa pigo la moja kwa moja. Zile ngumu, za pikipiki au za futiboli ya Marekani, huokoa fuvu lisipasuke, na hilo ni jambo kubwa. Kipa Petr Čech alivunjika fuvu mwaka 2006 akiidakia Chelsea, akacheza na kofia laini mpaka alipostaafu. Lakini tazama ngumi ya pembeni inayotua kidevuni. Kidevu kiko wazi, kichwa kinageuka, na kofia inageuka pamoja nacho. Zaidi ya hapo, kofia nene hukifanya kichwa kiwe kikubwa zaidi cha kulengwa, huziba macho pembeni, na humpa bondia moyo wa kupokea ngumi ambazo angezikwepa.

Kwa hoja za namna hiyo, mwaka 2013 chama cha dunia cha ngumi za ridhaa kiliwavua kofia wanaume, na katika Olimpiki ya Rio ya 2016 walipanda ulingoni vichwa wazi, jambo ambalo halikuonekana tangu 1980. Wanawake walibaki nazo. Ubishi haujaisha, maana michaniko ya uso iliongezeka. Mimi kwenye mazoezi ya watoto bado nataka zivaliwe. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba aliyevaa hawezi kutikisika ubongo.

Mji uliomtoa Hassan Mwakinyo, aliyemshinda Sam Eggington kule Birmingham mwaka 2018, haukosi vijana wenye hamu ya ngumi. Mmoja wao, mtaani kwetu Ngamiani, alipigwa mazoezini akiwa na kofia kichwani. Hakuanguka. Aliniambia, "Mwalimu, niko sawa," kisha baada ya dakika tano akaniuliza kama zamu yake imefika. Alikuwa ameshapigana. Nilimwambia, "Vua glavu mwanangu, leo basi."

Ndivyo dalili zilivyo, za chinichini: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchukia mwanga, kusahau, hasira zisizo na sababu, usingizi kuvurugika. Nyingine huja kesho yake. Lakini akitapika tena na tena, akipata degedege, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, au kichwa kikazidi kuuma na akawa haamshiki, hapo ni hospitali ya Bombo moja kwa moja, bila kusubiri kukuche.

Anayeshukiwa haendelei na mchezo siku hiyo, hata akisisitiza. Pigo la pili kabla ubongo haujatulia ni la hatari zaidi, hasa kwa watoto. Siku mbili za kwanza apumzike, atembee polepole, simu aiweke kando. Kisha arudi hatua kwa hatua. Mwongozo wa Uingereza wa 2023 kwa wachezaji wa kawaida unataka zipite angalau siku 21 kabla ya mechi.

Pembeni mwa uwanja wa mpira daktari huwa hayupo, kwa hiyo mwulize maswali haya: Hapa tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani kafunga la mwisho? Wiki iliyopita tulicheza na nani, tukashinda? Akikosea moja, ametoka. Akijibu yote huku ameshika kichwa, ametoka pia.