Kununua krediti za kaboni hakufuti gesijoto za kiwanda

Wengi huamini kwamba kampuni ikishanunua krediti za kaboni, yaani vyeti vya kugharimia upunguzaji wa gesijoto (gesi zinazoongeza joto duniani) mahali pengine, tuseme katika msitu wa Kasigau huko Kenya, sheria inairuhusu kujitangaza kuwa haidhuru tena tabianchi. Si kweli.

Katjes, watengenezaji peremende wa Ujerumani, walitangaza katika gazeti la wafanyabiashara wa vyakula kwamba tangu 2021 bidhaa zao zote zinazalishwa bila kuathiri tabianchi. Kumbe gesijoto ziliendelea kutoka. Walichofanya ni kugharimia miradi ya mazingira. Juni 2024 Mahakama ya Shirikisho huko Karlsruhe iliamua kuwa tangazo linapotosha, kwani kupunguza gesi si sawa na kuzifidia. Maelezo yalipaswa kuwa ndani ya tangazo lenyewe, si kwenye tovuti. Ni uamuzi wa haki kabisa: mnunuzi gani ataanza kupekua tovuti kwa ajili ya peremende?

Kuanzia 27 Septemba 2026, sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza kuinadi bidhaa kuwa haiathiri tabianchi kwa kigezo cha fidia ya kaboni. Na anayewaahidi wateja kufikia sifuri ya gesijoto mwaka 2050 atahitaji mpango wa utekelezaji ulio wazi, unaokaguliwa mara kwa mara na mtaalamu huru.